Saa hufuata jua, maji hufuata mwezi: kwa nini maji ya bamvua hupwa saa nne?

MLETA MADA

Wanajukwaa, salaam.

Mama yangu alilima mwani katika pwani ya Jambiani, kusini mashariki mwa Unguja, kwa zaidi ya miaka ishirini, na katika muda wote huo sikuwahi kumsikia akiuliza maji yatakupwa saa ngapi. Alijua mwezi una siku ngapi, basi. Mwezi ukishakuwa na siku mbili, au ukishatimiza siku kumi na sita, alifunga kanga kiunoni saa tatu asubuhi, akabeba gunia na kamba zake, na ilipofika saa nne alikuwa ameshainama kwenye vigingi, maji yakiwa chini ya magoti, na bahari yenyewe imerudi nyuma hadi kwenye mwamba, ambako mawimbi yalionekana kama mstari mweupe. Wiki moja baadaye, saa nne ile ile, mahali aliposimama palikuwa pamefunikwa na maji, na hakuna mwanamke hata mmoja aliyehangaika kwenda.

Nilipokuwa darasa la sita nilijiuliza swali ambalo sikupata jibu lake hadi nilipokuwa mwalimu wa jiografia mimi mwenyewe. Kwa nini maji ya bamvua, yaani yale yanayojaa sana na kupwa sana, hupwa saa nne, mwezi baada ya mwezi na mwaka baada ya mwaka, na si saa saba au saa kumi na moja? Kila mtu wa pwani ile analijua jambo lenyewe. Sababu yake ndiyo inayobeba karibu habari yote ya jinsi dunia, mwezi na jua vinavyokwenda, na ndiyo maana nimependa kuanza nayo badala ya kuanza na ule mchoro wa kitabuni wenye miduara mitatu iliyopangwa katika mstari mmoja, mchoro ambao kwa maoni yangu umewapotosha wanafunzi wengi.

Tuanze na saa. Dunia hujizungusha kwenye mhimili wake kutoka magharibi kwenda mashariki, na mtu aliyesimama Unguja, kwa kuwa yuko karibu na ikweta, huchukuliwa na mzunguko huo kwa mwendo unaozidi kilomita 1,600 kwa saa. Mzunguko mmoja kamili, ukipimwa kwa nyota, huchukua saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Lakini dunia inapojizungusha huwa inasogea pia katika njia yake ya kulizunguka jua, takriban digrii moja kila siku, kwa hiyo hulazimika kuendelea kujizungusha kwa karibu dakika nne zaidi ndipo jua lirudi mahali pale pale angani. Dakika hizo nne ndizo zinazotimiza saa 24. Hivyo saa ya ukutani, na hata hesabu yetu ya Kiswahili ambayo saa moja yake ni ile inayofuata kuchomoza kwa jua, ni chombo cha kueleza mahali lilipo jua. Ukisema saa nne asubuhi, umesema kwamba jua limepanda kiasi fulani upande wa mashariki. Kuhusu mwezi hujasema lolote.

Sasa tuyatazame maji. Kinachoinua bahari kwa sehemu kubwa ni mvutano wa mwezi. Jua nalo huinua, lakini nguvu yake katika kazi hiyo ni kidogo chini ya nusu ya ile ya mwezi, kwa sababu ingawa jua ni kubwa mno, liko mbali mno, na kinachoinua maji si ukubwa wa mvutano wenyewe bali ni tofauti ya mvutano kati ya upande mmoja wa dunia na upande wa pili. Mwezi hausimami kuisubiri dunia imalize mzunguko wake. Kila siku huwa umesogea mashariki kwa takriban digrii 13 ukilinganishwa na nyota, na digrii 12 na kidogo ukilinganishwa na jua. Kwa hiyo baada ya saa 24, pwani ya Jambiani inaporudi mahali ilipokuwa jana kwa hesabu ya jua, mwezi umeshatangulia, na dunia huhitaji dakika 50 hivi ili iufikie. Ndiyo maana maji yaliyokupwa leo saa nne yatakupwa kesho saa tano kasoro dakika kumi, na keshokutwa saa sita kasoro dakika ishirini. Dakika 50 hizo ni wastani: siku za bamvua huwa pungufu kidogo, na siku za maji mafu, yaani yasiyojaa wala kupwa sana, huwa zaidi.

Mwezi unapoandama huwa upande mmoja na jua. Unapokuwa mpevu huwa mkabala nalo, upande wa pili wa dunia. Katika hali zote mbili vitu hivi vitatu hukaribia kuwa katika mstari, mvutano wa mwezi na wa jua husaidiana, na maji hujaa sana na kupwa sana. Hapo ndipo penye jibu la swali langu la utotoni, na naomba msomaji apatulie. Siku mwezi unapokuwa pamoja na jua, kuifuata saa ya mwezi na kuifuata saa ya jua huwa ni jambo moja: jua likifika utosini, mwezi nao umefika utosini, ingawa hauonekani. Katika pwani ya Unguja maji hujaa takriban saa nne baada ya mwezi kupita juu, kutokana na umbo la bahari na la pwani yenyewe. Hivyo, siku za bamvua, lazima yajae muda wa saa nne baada ya adhuhuri, yaani saa kumi jioni au na dakika kadhaa, na yajae tena saa kumi alfajiri. Na lazima yapwe katikati ya nyakati hizo, saa nne asubuhi na saa nne usiku. Mwezi ukiwa mpevu hesabu haibadiliki, kwa sababu mwezi huwa umepita utosini usiku wa manane badala ya adhuhuri, na bahari hujaa mara mbili kwa siku. Maji ya bamvua hurudi saa ile ile kwa kuwa bamvua yenyewe ndiyo siku ambazo mwezi na jua vimekubaliana saa.

Zikipita siku saba, mwezi huwa umeachana na jua kwa robo ya mbingu, na nyakati za maji zimesogea karibu saa sita. Sasa hupwa saa kumi na kujaa saa nne, mwezi unavuta upande mmoja na jua linavuta upande mwingine, na hayo ndiyo maji mafu. Unguja, maji ya bamvua huweza kupanda na kushuka kwa karibu mita 4, ilhali maji mafu hutofautiana kwa mita 1 hivi.

Nimeliandika hili kwa sababu naamini mtoto wa pwani ana maabara mlangoni kwao. Karibuni kwa maswali.

NGALAWA

Mwalimu, shukrani kwa uzi huu. Mimi ni mvuvi, na yote uliyoyasema kuhusu saa nayathibitisha, maana ndivyo tunavyoishi. Ninayo maswali mawili. La kwanza, kwa nini maji makubwa kabisa hayaji siku ile ile mwezi unapokuwa mpevu, bali huja siku moja au mbili baadaye? La pili limenisumbua tangu nianze kushika kafi: mwezi unapokuwa chini ya miguu yetu, upande wa pili wa dunia, kwa nini maji hujaa huku kwetu pia? Ingekuwa mwezi unavuta maji, si yangekimbilia huko uliko?

MLETA MADA

Ndugu Ngalawa, ahsante sana. Nianze na la pili, kwa kuwa ndilo linalowakwaza hata walimu.

Mwezi hauyavuti maji peke yake. Unaivuta dunia nzima, pamoja na maji yake. Maji yaliyo upande wa mwezi yako karibu nao zaidi kuliko kitovu cha dunia, kwa hiyo huvutwa kwa nguvu zaidi kuliko dunia yenyewe, nayo hujitokeza kuelekea kwenye mwezi. Maji yaliyo upande wa pili yako mbali zaidi kuliko kitovu cha dunia, kwa hiyo huvutwa kwa nguvu pungufu, na dunia ni kama inavutwa na kuyaacha nyuma. Kwa mtu aliyesimama ufukweni upande huo, maji yaliyoachwa nyuma ni maji yaliyojaa. Ndiyo maana dunia huwa na vimo viwili vya maji, yaani sehemu mbili zilizoinuka, kimoja kila upande, na sisi tunaozunguka pamoja na dunia tunavipita vyote viwili kila baada ya saa 24 na dakika 50. Yaani maji hujaa kila baada ya saa 12 na dakika 25.

Jambo moja la kuongeza hapa ni kwamba mwezi hauizunguki dunia iliyotulia tuli. Dunia na mwezi vyote viwili huzunguka nukta moja ya uzito wao wa pamoja, na kwa kuwa dunia ni nzito mara 81 kuliko mwezi, nukta hiyo imo ndani ya dunia, takriban kilomita 1,700 chini ya miguu yetu. Dunia nayo huyumba kidogo kila mwezi, kama mtu mzima anayemzungusha mtoto kwa mikono: mtoto ndiye anayepita mbali, lakini mtu mzima hasimami wima tuli.

Kuhusu kuchelewa, bahari ni nzito na haitii amri papo hapo. Maji husuguana na sakafu ya bahari, huzuiwa na mabara, na huwa na mwendo wake wa kuyumba kama maji ndani ya karai unapolisogeza. Nguvu huwa kubwa siku ya mwezi mpevu, lakini mwitikio hufika siku moja au mbili baadaye. Mama yangu hakuhitaji maelezo haya. Alihesabu siku kumi na sita badala ya kumi na nne, na alikuwa sahihi.

Utakuwa pia umeona kwamba maji ya bamvua ya Machi na Aprili, na yale ya Septemba na Oktoba, ndiyo makubwa kuliko ya miezi mingine. Hizo ni nyakati ambazo jua huwa karibu na usawa wa ikweta, na mwezi unapoandama au kuwa mpevu huwa karibu na usawa huo pia, hivyo vimo vya maji hupita sawasawa juu ya ukanda wetu.

USANGU

Heshima kwenu. Mimi natoka Mbarali, mkoani Mbeya, mbali na bahari, lakini nina ushahidi wangu. Tarehe 1 Septemba 2016 nilikuwa Rujewa pamoja na umati wa watu waliokuja kutazama jua likipatwa. Karibu saa sita mchana mwanga ulififia, ubaridi ukaingia, na kwa waliovaa miwani maalumu jua lilionekana kama pete. Sasa, kama mwezi unapoandama huwa upande wa jua kila mwezi, kwa nini jua halipatwi kila mwezi? Na kwa nini siku ile lilibaki pete badala ya kufunikwa lote?

MLETA MADA

Ndugu Usangu, swali lako ndilo linalonifanya niuchukie mchoro wa miduara mitatu. Ukiutazama mchoro ule, unaona wazi kwamba kupatwa kunapaswa kutokea mara mbili kila mwezi: jua lipatwe mwezi unapoandama na mwezi upatwe unapokuwa mpevu. Mwanafunzi mwenye akili lazima aulize kwa nini haiwi hivyo, na mwalimu asiyekuwa na jibu humwambia anyamaze. Tatizo la mchoro ni kwamba vipimo vyake si vya kweli.

Mwaka mmoja niliwatoa wanafunzi wa kidato cha pili nje, tukafanya hesabu kwa vitu. Tulichukua chungwa lenye upana wa sentimita 8, likawa dunia. Kwa kipimo hicho mwezi huwa na upana wa sentimita 2 na milimita 2, kwa hiyo tulitafuta gololi kubwa. Nikawauliza tuiweke wapi. Wote walitaka iwe karibu na chungwa, kiasi cha kiganja kimoja. Hesabu ilituambia mita 2 na sentimita 40, kwa kuwa mwezi uko umbali wa kilomita 384,400 kwa wastani, ambao ni sawa na dunia 30 zilizopangwa sambamba. Na jua? Jua la chungwa lile lingekuwa duara la karibu mita 9, kimo cha nyumba ya ghorofa, na lingewekwa karibu kilomita moja kutoka pale tuliposimama. Kituo cha daladala kilikuwa umbali huo, tukakubaliana kwamba jua liko kituoni.

Kisha tukafunga uzi kutoka kwenye chungwa kuelekea upande ulio kinyume na kituo, uwe mstari wa kivuli. Njia ya mwezi haiko katika usawa mmoja na njia ya dunia. Imeinama kwa digrii 5 na kidogo. Digrii 5 kwenye karatasi hazionekani kuwa kitu. Lakini katika umbali wa mita 2 na sentimita 40, gololi iliyofuata njia iliyoinama hivyo ilipanda hadi sentimita 21 juu ya uzi, na upande wa pili ikashuka sentimita 21 chini yake. Kivuli kizito cha dunia, mahali mwezi unapopita, kwa kipimo chetu kina upana wa sentimita 6 tu. Kijana mmoja alilala chini kwenye mchanga, akafumba jicho moja, akatazama gololi inavyopita juu ya uzi, akasema kwa mshangao kwamba inakikosa kivuli kwa mbali. Ndivyo ilivyo. Miezi mingi mwezi mpevu hupita juu au chini ya kivuli cha dunia, na mwezi mwandamo hupita juu au chini ya mstari wa jua, na hakuna kinachopatwa.

Njia hizo mbili hukatana katika nukta mbili tu. Ili kupatwa kutokee, mwezi lazima uandame au uwe mpevu wakati jua lenyewe likiwa karibu na moja ya nukta hizo, na hilo huja kila baada ya siku 173 hivi. Msimu huo hudumu wiki tano kwa kukadiria, ndiyo maana kupatwa huja kwa jozi. Usiku wa tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa wote, na hapa Afrika Mashariki uliingia kivulini kabisa kuanzia saa mbili na nusu usiku hadi karibu saa nne. Wiki mbili baadaye, tarehe 21, jua lilipatwa kwa sehemu huko New Zealand na maeneo ya kusini kabisa. Nusu mwaka kabla ya hapo kulikuwa na jozi nyingine, mwezi tarehe 14 Machi na jua tarehe 29 Machi.

Sasa pete ya Rujewa. Jua lina upana wa takriban mara 400 ya mwezi, na liko mbali takriban mara 400, kwa hiyo vyote viwili huonekana angani kwa ukubwa unaokaribiana. Lakini njia ya mwezi si duara kamili. Kuna wakati huwa umbali wa kilomita 363,000 na wakati mwingine 405,000. Siku ile ya 2016 mwezi ulikuwa upande wake wa mbali, ukaonekana mdogo kidogo kuliko jua, ukaziba katikati na kuacha ukingo. Mnaoishi Saudi Arabia au Misri jiandaeni kwa tarehe 2 Agosti 2027, kwa kuwa siku hiyo mambo yatakuwa kinyume chake. Mwezi utakuwa upande wa karibu, na jua litaonekana dogo kidogo kwa sababu mwezi wa Julai na mwanzo wa Agosti dunia huwa mbali zaidi na jua. Kivuli kitapita Luxor, Jeddah na Makka, na karibu na Luxor jua litafunikwa lote kwa zaidi ya dakika sita, muda ambao ni nadra sana kupatikana.

MTAZAMAJI

Nimesoma kwa makini, lakini nina pingamizi, na naomba nisionekane nabisha kwa ajili ya kubisha. Mnasema tunachukuliwa kwa kilomita 1,600 kwa saa, na tena dunia inalizunguka jua kwa kasi kubwa zaidi. Mimi sihisi chochote. Ninachokiona ni jua linachomoza na kutua. Kwa nini nisiamini macho yangu?

MLETA MADA

Ndugu yangu, amini macho yako, ila yatumie kwa muda mrefu zaidi ya siku moja.

Ukiwa ndani ya meli inayokwenda Pemba, bahari shwari, madirisha yamefungwa, kikombe cha chai hakimwagiki na huwezi kujua kama meli inakwenda au imetia nanga. Mwendo usiobadilika haumhisishi mtu kitu. Dunia husafiri kilomita 30 kwa sekunde katika njia yake kwa utulivu mkubwa kuliko meli yoyote. Kwa hiyo hatuna budi kutazama nje.

Mwaka 1851, mjini Paris, Léon Foucault aliuning'iniza mpira mzito wa madini ya risasi kwa waya wa mita 67 ndani ya jengo la Panthéon, akauacha ubembee, na watu wakaona uelekeo wa kubembea ukigeuka polepole, kwa sababu sakafu yenyewe ilikuwa ikizunguka chini yake. Sikushauri ujaribu Unguja, kwa kuwa kadiri unavyokaribia ikweta ndivyo mgeuko huo unavyopungua, na hapa ungehitaji zaidi ya siku tisa kuona duara moja. Ushahidi wetu sisi uko mahali pengine, na wazee wetu waliuhifadhi katika methali: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.

Kilimia ni lile kundi dogo la nyota zilizosongamana, ambalo jina lake limetokana na kulima. Kila usiku huchomoza dakika nne mapema kuliko jana yake, zile zile dakika nne nilizozitaja kwenye hesabu ya saa. Kwa mwezi hizo ni saa mbili, na kwa mwaka ni saa 24 kamili. Mwishoni mwa Aprili, wakati wa masika, Kilimia huonekana chini magharibi mara baada ya magharibi kuingia, kisha hupotea kwa wiki kadhaa, na mwezi Juni, mvua zikiwa zimekatika, huonekana tena alfajiri upande wa mashariki. Kilikuwa wapi katikati? Kilikuwa nyuma ya jua. Jua limepita mbele yake, na mwakani litapita tena wakati ule ule. Sababu ni kwamba dunia inasogea, na kila mwezi tunalitazama jua kutoka upande mwingine. Aliyetunga methali ile alikuwa ameutazama mzunguko wa mwaka wa dunia kwa macho matupu, ingawa hakuuita hivyo.

MWANAMAKUNDUCHI

Mwalimu umenigusa uliposema wazee. Kwetu Makunduchi, Unguja, tunaoga Mwaka, yaani sherehe ya mwaka mpya, kila Julai, lakini Ramadhani haikai mahali pamoja. Naomba ueleze jinsi kalenda hizi mbili zinavyohusiana na mizunguko hii, na pia pepo za kaskazi na kusi.

MLETA MADA

Ndugu Mwanamakunduchi, Waswahili walikuwa na kalenda mbili kwa sababu mbingu ina saa mbili.

Kutoka mwandamo hadi mwandamo ni siku 29 na nusu. Miezi kumi na miwili ya namna hiyo hutimiza siku 354, nazo ni pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Ndiyo maana Ramadhani hurudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na huchukua takriban miaka 33 kuzunguka majira yote. Kalenda hiyo inafaa kwa ibada na kwa maji ya bahari, kwa kuwa ukijua tarehe ya mwezi umejua na bamvua. Haimfai mkulima wala nahodha wa jahazi, kwa sababu mvua na pepo haziufuati mwezi. Kwa hao kulikuwa na mwaka wa siku 365 unaoanza Nairuzi, uliogawanywa katika miongo ya siku kumi kumi, na nahodha alihesabu mwongo wa ngapi ndipo atweke tanga. Mwaka mnaouoga Makunduchi ndio huo.

Pepo hufuata jua kwa sababu mhimili wa dunia umeinama digrii 23 na nusu, na hubaki umeelekea upande ule ule wakati dunia inalizunguka jua. Mwezi Desemba upande wa kusini ndio uliolielekea jua, na hewa hutiririka kutoka Asia na Bara Arabu kuja kwetu: hiyo ni kaskazi. Mwezi Juni upande wa kaskazini hupata joto, nchi kavu ya Asia hupashwa, na hewa hugeuka kwenda huko: hiyo ni kusi. Wengi hudhani joto huja kwa sababu dunia imelikaribia jua. Siyo hivyo. Dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, wakati Ulaya inatetemeka kwa baridi, na tofauti kati ya umbali mdogo na mkubwa ni kilomita milioni 5 tu katika milioni 150.

Mwinamo huo unaweza kuuona kwa kijiti. Unguja jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mapema mwezi Machi likielekea kaskazini, na tena katika wiki ya pili ya Oktoba likirudi kusini. Siku hizo, baada ya saa sita mchana kidogo, kigingi kilichosimama wima hakina kivuli.

USANGU

Nimalizie, mwalimu. Mizunguko hii itabaki hivi daima?

MLETA MADA

Haitabaki, na kinachoibadilisha ni maji yale yale ya mama yangu.

Dunia hujizungusha haraka kuliko mwezi unavyoizunguka, kwa hiyo kimo cha maji husukumwa mbele kidogo ya mwezi, na maji husuguana na sakafu ya bahari na pwani. Msuguano huo huipunguzia dunia kasi, na siku hurefuka kwa takriban sekunde mbili za elfu katika kila miaka mia. Kimo hicho cha maji nacho huuvuta mwezi mbele, na mwezi unaosukumwa mbele husogea nje, ukaenda mbali zaidi. Hili si la kukisia. Wanaanga wa Apollo 11 waliacha vioo kwenye mwezi mwaka 1969, na wanasayansi wamekuwa wakivimulika kwa miale ya leza na kupima muda wa mwanga kwenda na kurudi. Mwezi huondoka kwa sentimita 3 na milimita 8 kila mwaka.

Matumbawe pia yanashuhudia. Matumbawe hukua kwa tabaka nyembamba za kila siku, na mwaka 1963 John Wells alihesabu tabaka hizo katika visukuku vya matumbawe yaliyoishi zaidi ya miaka milioni 350 iliyopita, akapata takriban siku 400 katika mwaka mmoja. Mwaka wenyewe haukuwa mrefu zaidi. Siku ndizo zilizokuwa fupi.

Mwezi ukiendelea kusogea utafika umbali ambao hauwezi tena kulifunika jua lote, hata ukiwa upande wake wa karibu. Makadirio ni miaka milioni 600 hivi. Kuanzia hapo, mahali popote duniani, mwezi ukipita katikati ya jua, mtazamaji ataona kile ulichokiona wewe Rujewa saa sita mchana, jua likiwa pete.